Kidole cha Pili: Fundi wa Wete na Laini Asiyoijua

Sheha, kiongozi wa mtaa, alikuja mwenyewe, asubuhi, cherehani hazijaanza kulia. Hakukaa. "Bi Fundi, unatakiwa kituoni. Kuna pesa za mtu wa Unguja zimeingia kwenye simu yako." Fundi akaitoa simu mkobani, akaangalia salio, akamjibu kwamba humo mna shilingi 4,200 na zote ni zake.

Naandika haya kwa idhini yake. Mimi ni msaidizi wa sheria hapa Wete, Pemba. Kazi yangu kubwa ni mirathi, talaka na mipaka ya mashamba, na mambo ya simu yalinikuta mgeni. Jina lake silitaji, na mengine madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza. Namwita Fundi kwa sababu ndivyo mtaa mzima unavyomwita: mwanamke wa makamo, cherehani mbili barazani, sare za skuli mwaka mzima na nguo za harusi zikifika.

Kituoni alisomewa malalamiko. Mwanamke mmoja wa Unguja alikuwa amemwahidi kaka yake aliyeko Chake Chake pesa za saruji. Kabla hajazituma, ukamjia ujumbe kutoka namba ngeni: "Ile hela nitumie kwa namba hii, ile laini ina matatizo. Jina litakuja," halafu likafuata jina la Fundi, majina yote matatu, bila kosa hata la herufi. Akabonyeza, jina likatokea kama lilivyotajwa, akatuma shilingi 640,000. Siku mbili baadaye kaka akapiga simu kuuliza habari za saruji yake.

Kwa askari kazi ilikuwa nyepesi. Pesa zimekwenda kwa fulani, na fulani ndiye huyu amekaa kwenye benchi. Fundi alikaa pale mpaka alasiri. Alilia, na sioni la kumlaumu. Lakini alifanya jambo moja ambalo hata mimi ningelisahau. Aliposomewa maelezo yake kabla ya kutia saini, alisikia maneno "laini yangu yenye namba," akamsimamisha askari. "Si laini yangu, mwanangu. Andika laini iliyosajiliwa kwa jina langu." Askari akaguna, akakata, akaandika upya. Kaka yake Fundi akamdhamini, wakarudi nyumbani kabla ya magharibi.

Nimeirudia sentensi ile mara nyingi tangu siku hiyo. Mtu aliyeibiwa utambulisho huitwa kujibu kosa la mtu mwingine, na akikubali neno "yangu" kwenye karatasi ya kwanza, kila karatasi inayofuata italinakili. Fundi hakuwa amesoma sheria. Alikuwa amesoma maneno ya mteja anayekuja kudai kitambaa chake kimekatwa vibaya. Hapo ndipo alipojifunza kusikiliza neno.

Jina lililotumika kama mdhamini

Ujumbe wa "tuma kwa namba hii" ni wa zamani, na kila mwenye simu Tanzania amewahi kuupata. Mwenye kuutuma hajui habari za saruji wala za kaka. Anautupa kwa mamia ya watu kama jarife linavyotegwa usiku: halichagui samaki, linamngoja anayepita. Atakayenasa ni yule ambaye saa hiyohiyo yumo njiani kumtumia mtu pesa.

Nilizungumza na yule mwanamke wa Unguja mara moja kwa simu. Alikuwa na hasira, na ni haki yake. Nilimuuliza kama hakushtuka. Akasema alishtuka kidogo kwa neno "hela," maana kwao, kama kwetu, watu husema pesa, na kaka yake hajapata kumwandikia hivyo. "Lakini jina lilipokuja, jina la kikwetu kabisa, nikasema huyu atakuwa mke wa mwashi, au jirani yao." Jina la Fundi lilimtuliza. Lilisimama mahali pa mdhamini.

Hapa ndipo ilipo thamani ya alichoibiwa Fundi. Mwizi hakutaka pesa zake, na hazikuwapo. Alitaka jina la mtu wa kweli, lenye sauti ya hapa, la kulitanguliza mbele. Jina linaloonekana kabla hujathibitisha kutuma pesa ni la aliyesajili laini. Haliwezi kukwambia ni nani ameishika sasa hivi.

Kidole umekiweka wapi?

Watu wengi waliosikia habari hii waliuliza swali moja: nani ana fotokopi ya kitambulisho chake? Nami nilianza hapo, nikapoteza siku nzima. Tukataja duka la fotokopi la karibu na soko, kikundi chake cha kuweka akiba, skuli ya mtoto, na nyumba ya wageni aliyolala alipokwenda harusini Unguja. Orodha ilikuwa ndefu na haikutufikisha popote, kwa sababu laini siku hizi haisajiliwi kwa fotokopi. Usajili wa alama za vidole ulianza 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa baada ya 20 Januari 2020. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa, peke yake haitoshi. Panatakiwa kidole kilicho hai, kiwekwe juu ya kioo cha mashine, ndipo mfumo ukilinganishe na kile kilichohifadhiwa.

Basi swali likageuka. Bi Fundi, kidole chako umekiweka wapi?

Akasema hajakiweka popote. Kisha akanyamaza, akauma uzi. "Msimu wa karafuu," akasema.

Ilikuwa hivi. Alikwenda shamba kwa ndugu zake kusaidia kuchambua karafuu, kazi ya usiku, watu wamezunguka jamvi, vishada vinavunjwa kwa kiganja na makonyo yanatupwa upande. Simu yake ikapotea hukohuko. Asubuhi akarudi mjini, hajalala, akanunua simu ndogo na laini mpya kwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli. Kijana akachukua namba ya kitambulisho, akamwambia aweke kidole.

"Akasema mama, havisomi, vidole vyako vina utomvu. Nikafuta kwa kanga. Akasema bado, weka tena. Nikaweka mara nne."

Aliyewahi kuchambua karafuu anajua kiganja kinavyobaki siku ya pili: cheusi, kinanata, kimechunika. Mashine za vidole hukataa kweli. Hukataa vidole vya wachambuzi, vya waashi wanaoshika saruji, vya wavuvi wanaovuta kamba. Kwa hiyo uongo wa yule kijana, kama ulikuwa uongo, ulikuwa ni ukweli kwa nusu ya waliopita chini ya mwavuli wake wiki ile. Mtu aliyeambiwa vidole vyake havisomi baada ya usiku wa karafuu hana sababu ya kushuku. Hata mimi ningeliweka mara nne.

Na kila mara kidole kinapokubaliwa, laini moja husajiliwa. Kubonyeza mara nne kunaweza kuwa kukataliwa mara tatu na kukubaliwa mara moja. Kunaweza pia kuwa kukubaliwa mara tatu. Mwenye kidole hajui, kwa sababu kioo kinachotoa majibu kimemwelekea wakala. Tena vijana wengi wa mwavuli hulipwa kwa hesabu ya laini walizosajili. Sisemi kila mmoja ni mwizi. Nasema malipo ya namna hiyo humfundisha mtu kupenda kidole cha pili, na laini iliyokwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine haikosi mnunuzi.

Tukabonyeza *106#, namba ya kuhakiki usajili, inayokuonyesha laini zilizofungamanishwa na kitambulisho chako. Haihitaji intaneti wala simu kubwa. Fundi alikuwa hajawahi kuibonyeza, na nikiri mbele ya wasomaji kwamba mimi nami sikuwa nimeibonyeza tangu lile zoezi la uhakiki la mwanzoni mwa 2023. Tukapata laini nne. Moja ni ya mkononi. Moja ni ile iliyopotea shamba, ambayo hakuifunga, na aliyeiokota angeliweza kuitumia kama yake. Mbili hatukuzijua, moja ya mtandao uleule wa laini mpya, na ya pili ya mtandao mwingine kabisa. Vijana wa mwavuli huuza za mitandao yote.

Tulivyokosea kabla ya kupatia

Siku ya kwanza Fundi alibadilisha namba yake ya siri. Haikudhuru, wala haikusaidia, maana hakuna aliyekuwa ameingia kwenye simu yake. Namba ya siri hubadilishwa kwa dakika moja. Kidole hakibadilishwi, na ndiyo maana mtu wa namna hii huibiwa mara moja akahangaika miezi.

Siku ya pili alikwenda Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, kwa sababu kitambulisho anachokijua ni kile cha Mzanzibari Mkaazi. Wakamsikiliza, wakamwambia kweli: laini husajiliwa kwa namba ya NIDA, nenda kwenye kampuni ya simu. Sisi huku tuna vitambulisho viwili mfukoni na mara nyingi hatujui kipi kinafungua mlango upi. Jambo hilo peke yake lilimla siku.

Siku ya tatu tukapanda gari mpaka Chake Chake, kama kilomita 30, kwenye duka la kampuni ya simu lenyewe. Binti wa mapokezi alikuwa mpole na mwepesi. Akatazama, akamhakiki Fundi kwa kidole (safari hii mara moja tu, na kilisoma), akaiondoa ile laini ngeni kwenye jina lake. "Tayari, mama." Tukashukuru, tukaondoka. Hatukuomba karatasi.

Kosa hilo ni langu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Tuliporudi kituoni kwa furaha kumwambia askari kwamba laini imeondolewa, akauliza: imesajiliwa lini, na nani, wapi? Hatukuwa na jibu. Kwa macho yake tulikuwa tumekwenda kufuta ushahidi. Kampuni huhifadhi kumbukumbu hizo hata laini ikifungwa, lakini mambo hayo tuliyajua baadaye, na wiki nzima Fundi alilala akidhani amejifunga mwenyewe.

Mara ya pili tulikwenda na barua. Nusu ukurasa tu: jina, namba ya malalamiko kituoni, namba ya laini, na maombi mawili. Kwanza, waandike kwamba mteja amefika tarehe fulani akaikana laini hii, na imefungwa. Pili, watunze na kutoa tarehe na saa ya usajili, na namba ya wakala aliyesajili. Tukabaki na nakala yenye mhuri wao wa kupokea. La kwanza walilifanya siku hiyohiyo. La pili walikataa kutupa sisi, wakasema watalipatia jeshi la polisi likiandika. Fundi alikasirika. Mimi niliona wako sawa: kampuni inayompa kila mwenye barua kumbukumbu za laini ndiyo hiyohiyo itakayowapa wezi.

Barua ya polisi ilichukua wiki kadhaa. Hapa sina ujanja wa kumfundisha mtu, ni kwenda na kurudi. Nilichofanya ni kumshonea Fundi daftari la safari: kila siku tuliyokwenda, tulikutana na cheo gani, alisema nini, karatasi gani imepokewa. Askari wa zamu hubadilika, na mtu anayeanza hadithi yake upya kila zamu huonekana mwongo ifikapo ya tatu.

Jibu la kampuni lilipofika, lilikuwa na mstari mmoja uliogeuza mambo yote. Laini iliyopokea zile 640,000 ilisajiliwa siku ileile Fundi aliponunua ya kwake, dakika sita baadaye, na wakala yuleyule.

Dakika sita hazitoshi peke yake. Askari mwenye akili, na huyu alikuwa nazo, anaweza kusema: basi ulinunua mbili. Ndipo Fundi akaleta kitu ambacho sikukiwazia. Ana daftari la vipimo. Kila mteja anaandikwa kifua, kiuno, urefu, siku ya kuleta kitambaa na siku ya kuchukua. Siku ile pesa zilipopokewa na kutolewa, lina wateja watatu, mmoja wao mwalimu aliyesema yuko tayari kuja kuthibitisha kwamba alipimwa kwa mkono wa Fundi mwenyewe. Na kumbukumbu zilionyesha ile laini, baada ya siku ya usajili, haikuwashwa tena Pemba. Ilikuwa bara, na pesa zilitolewa bara, dakika chache tu baada ya kuingia.

Dhamana ikaondolewa. Aliyeitwa kama mtuhumiwa akaandikwa shahidi.

Kuhusu pesa za yule mwanamke wa Unguja, hazijarudi na sitarajii. Kampuni inaweza kuzizuia pesa zikiwa bado zimo kwenye akaunti iliyopokea. Siku mbili za kuisubiri saruji zilikuwa nyingi mno. Angelimpigia kaka yake kwa ile namba anayoijua siku zote, kabla ya kutuma, pasingelikuwa na kisa.

Waliokuja na dawa

Wiki ya nne hivi Fundi alikuja mbio nyumbani kwangu, simu ameifunika kwa kanga, mtu bado yuko hewani. Kaka mmoja wa sauti nzuri alijitambulisha kuwa anatoka makao makuu ya kampuni, kitengo cha kusafisha majina yaliyotumika vibaya. Alilijua jina lake kamili. Alimtajia mpaka tarehe yake ya kuzaliwa, na hilo ndilo lililomtikisa. Alichotaka ni kitu kidogo: itamjia namba ya tarakimu sita kwa ujumbe, amsomee.

Tarehe ya kuzaliwa si siri kwa mtu mwenye namba yako ya NIDA. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kila unapoiandika kwenye daftari la mlangoni umeandika na siku yako ya kuzaliwa. Yule kaka hakuwa na elimu yoyote zaidi ya kusoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Nikaichukua simu, nikamuuliza kwa nini hakupiga kwa namba 100, ambayo ndiyo namba ya huduma kwa wateja na ndiyo hujitokeza kampuni zinapompigia mtu. Akakata. Ujumbe aliokuwa ametuma kabla ya kupiga tukaupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyoutuma. Sijui walipata wapi habari kwamba Fundi yumo katika shida. Labda hawakuwa na habari yoyote, na lilikuwa jarife jingine. Lakini mtu aliyekwisha ibiwa ana kiu ya kusaidiwa, na kiu hiyo ndiyo mwizi wa pili huinywesha.

Halafu lilikuja deni. Ujumbe wa kitisho kutoka programu ya kukopesha kwa simu: umekopa, umechelewa, tutawatangazia ndugu zako. Kiasi kilikuwa kidogo, shilingi elfu sitini na kitu, na kaka yake Fundi alikuwa tayari kulipa ili yaishe. Nilimzuia. Kulipa deni usilokopa ni kuandika kwamba ulikopa, na anayejua unalipa kwa kuogopa atarudi. Tuliangalia kwanza kama mkopeshaji huyo ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na tangu hapo swali la leseni ndilo la kwanza kumuuliza mkopeshaji wa simu. Tukajibu mara moja kwa maandishi: hakuna mkopo, onyesha mkataba na laini iliyopokea pesa, malalamiko yako polisi kwa namba hii. Hawajajibu. Ujumbe wao tumeupiga picha na kuutunza.

Sheria inafika Pemba?

Hili nimeulizwa na watu wazima wenye heshima zao, kwa hiyo nalijibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar pia, isipokuwa kifungu kimoja tu. Kifungu cha 15 kinamkataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya alichokipata, kile kilicho kikubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Mahakama inaweza pia kuamuru fidia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina mpaka wake: kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Lakini posta na simu yamo katika orodha ya mambo ya Muungano, na kidole cha Fundi kilichukuliwa kwa ajili ya simu. Kwa kisomo changu, malalamiko dhidi ya matumizi ya kidole kile yana mlango kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Barua tumekwisha iandika. Tumeiweka mpaka kampuni ya pili, ya ile laini ngeni nyingine, ijibu, kwa sababu napenda kwenda kwa mkubwa nikiwa na jibu la mdogo mkononi.

Fundi mwenyewe hana hamu sana na vifungu. Anachotaka ni kujua yule kijana wa mwavuli yuko wapi. Namba yake ya uwakala polisi wanayo. Mwavuli haupo tena pale, na waliokaa karibu yake wanasema alikuja na msimu akaondoka na msimu.

Barazani kwa Fundi

Siku hizi anayekwenda kununua laini mtaani hupitia kwanza kwa Fundi, naye huwatisha kuliko polisi. Huwaambia waende dukani, si mwavulini. Mikono wakaioshe nyumbani kwa sabuni na ndimu. Kidole kikikataa, waseme "nionyeshe," wakisome kioo wenyewe kabla ya kukiweka tena, na wasiojua kusoma waende na mtoto wa skuli. Kabla ya kuondoka, *106# papo hapo kwenye laini mpya, na tena baada ya siku chache. Simu ikipotea, laini ifungwe siku hiyohiyo hata kama ilikuwa haina senti.

Fotokopi za kitambulisho anaziandika juu kwa kalamu, mstari unaopita katikati ya picha: "Kwa usajili wa mtoto skuli tu," na tarehe. Mwenye duka la fotokopi alimcheka. Juzi nimemwona yeye mwenyewe akifanya hivyohivyo kwa kitambulisho cha mama yake.

Nafikiri mambo haya anayazidisha. Juma lililopita alikataa kumpa namba ya NIDA karani aliyekuwa na haki kamili ya kuiomba, na ikabidi nimfuate nikamwombe radhi karani. Lakini sikumkemea. Nilimwona kwenye lile benchi la kituoni.

Imebaki laini ya nne, ile ya mtandao wa pili. Dukani kwao walitwambia imeondolewa, na safari hii karatasi tulipata, yenye mhuri na jina la aliyetuhudumia. Jana baada ya isha Fundi akabonyeza tena *106#, akaja kugonga mlango akiwa amevaa baibui juu ya nguo za kulalia. Laini bado imo. Nimemwambia aandike saa kwenye daftari, asiipigie ile namba, alale. Jumatatu twarudi Chake, na ile karatasi yao mkononi.